Mgeni Asiye na Mwenyeji

Kerege ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, baada ya Bunju na Mapinga. Abiria apitaye hapo ndani ya daladala huona minazi, mikorosho, mawe ya mipaka ya viwanja na mabango ya wauza ardhi, naye hudhani kwamba hapo hapana historia. Historia iko mbele, Bagamoyo mjini, ambako kuna kibao na kiingilio. Mtoto wa Kerege naye amelelewa kudhani vivyo hivyo. Basi wamezuka wapenzi wa vitabu vya watoto wanaoshikilia kwamba dawa ya mtoto huyo ni hadithi za kusafiri katika wakati: kijana wa leo aingie ndani ya mtambo, au pango, au shina la mbuyu, atokee Bagamoyo mwaka 1873, aone maajabu, aponee chupuchupu, na arudi kwao kabla chakula cha usiku hakijaiva, hali amekwisha kujua historia.

Hamu iliyo nyuma ya shauri hilo ni njema, na haifai kudhihakiwa. Kwa miaka mingi kitabu cha historia cha shule kilikuwa msururu wa tarehe na majina ya magavana, na mwanafunzi wa sekondari alilazimika kukisoma kwa Kiingereza, akikariri sentensi za kigeni juu ya misafara iliyoanzia mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kwao. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la kushukuriwa, ingawa kule kuifungia historia na maadili katika kitita kimoja kunatia shaka, kama itakavyoonekana. Alhasili, mtoto anahitaji hadithi. Swali ni hadithi gani, na nani ndani yake ndiye mwenye macho.

Fani yenyewe si ngeni duniani. H. G. Wells alitoa riwaya yake ya mtambo wa wakati mwaka 1895. E. Nesbit aliwapeleka watoto wa London hadi Misri na Babeli ya kale katika kitabu cha 1906. Mwaka 1963 televisheni ya Uingereza ilianzisha mchezo wa Doctor Who, na mwanzoni lilikuwamo kusudio la kuwafunza watoto historia. Haukupita muda mrefu, madude ya kutisha kutoka sayari nyingine yakaipiku historia, maana ndiyo yaliyopendwa. Mary Pope Osborne wa Marekani alianza mwaka 1992 mfululizo wa vitabu ambamo kaka na dada hupanda nyumba iliyo juu ya mti na kuangukia kila zama, nao umeuzwa kwa mamilioni. Waandishi hawa wanajua kazi yao. Lakini tazama umbo lililo la kawaida katika hadithi za namna hii: mtoto hufika, hushangaa, huhatarika kidogo, hupata alichotumwa, huondoka. Wenyeji wa zama zile hubaki pale pale walipo, kama sanamu za makumbusho taa zikishazimwa.

Wahenga wa pwani walikuwa na kanuni juu ya wageni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msafiri wa wakati haifikii siku ya tatu. Hilo ndilo kosa la msingi la hadithi hizi, na makosa mengine yote yamezaliwa nalo.

Yupo mwandishi mmoja aliyelikwepa kosa hilo, naye hakuwaandikia watoto. Octavia Butler, mwanamke Mweusi wa Marekani, alichapisha mwaka 1979 riwaya ya Kindred, ambamo mwanamke wa California ya 1976 anavutwa tena na tena hadi kwenye shamba la watumwa la Maryland, karne ya kumi na tisa. Huko hapewi nafasi ya kutazama. Anapewa kazi na anachapwa. Mwenye watumwa ni babu yake wa damu, na akimwacha afe, yeye mwenyewe hatazaliwa. Safari ya mwisho humrudisha nyumbani akiwa amepoteza mkono. Butler alifahamu kwamba mtu haendi kwa wazee wake akarudi mzima.

Kwa watoto wa Kiswahili, umbo la mtalii lina asili yake, na yafaa itajwe bila haya. Hadithi za mikasa zilizochapishwa na kupelekwa mashuleni zama za Waingereza hazikutungwa Mrima wala Unguja. Zilikuwa tafsiri. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotoholewa kutoka kwa Rider Haggard, na mwaka huo huo Kisiwa chenye Hazina, kutoka kwa Stevenson. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza humo kwamba mkasa ni Mzungu mwenye bunduki akipita katika nchi ya watu, akichukua almasi na kurudi kwao, na kwamba mwenyeji ni mpagazi, au mchawi, au mtumishi mwaminifu afaye mahali pazuri pa hadithi. Tafsiri zile zina Kiswahili kitamu. Asiyekiri hivyo ni mchoyo. Lakini leo mtu anapomtia mtoto wa Kerege ndani ya mtambo, akampa simu yenye tochi na akampeleka kwa babu zake, hajaandika hadithi mpya. Amembadilisha mtoto jina, akamwita Quatermain.

Na huyo Quatermain mdogo ataona nini akitua Bagamoyo? Ataona kile ambacho vijitabu vya utalii vimekwisha kumwandalia. Ataona minyororo. Atasimuliwa kwamba jina la mji ni kilio cha mtumwa aliyebwaga moyo wake ufukweni, kisha atamkuta Mwarabu mwenye mjeledi, maana hadithi ya haraka haiwezi kwenda bila mtu mbaya anayetambulika kwa kilemba. Wataalamu waliokaa na nyaraka wamelipinga simulizi hili kwa muda. Steven Fabian na Jan Lindström, ambao kila mmoja alitoa kitabu juu ya Bagamoyo mwaka 2019, wameonyesha kwamba mji ule ulikuwa kwanza mji wa wapagazi, na kwamba sura ya bandari kuu ya watumwa imekuzwa na shughuli za urithi na utalii katika miongo ya karibuni. Bandari iliyotoa watumwa wengi zaidi kwa soko la Unguja ilikuwa Kilwa Kivinje. Bagamoyo ilikula pembe.

Pembe hizo zilikuja mabegani. Mpagazi, aghalabu Mnyamwezi, alitembea kutoka Unyanyembe, yapata kilomita 800, na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa 2006, amewaeleza watu hawa kuwa wafanyakazi wa ujira, wenye kiburi cha kazi yao, nyimbo zao na migomo yao. Waliposhuka Mrima walipokea malipo kwa merikani na kaniki, wakacheza ngoma, wakajenga vibanda, wakagombana na wenyeji juu ya nauli na maji. Hao ndio waliobwaga mioyo, yaani walioituliza, kwa tafsiri ya pili ya jina ambayo ina nguvu kuliko ya kwanza. Hadithi ya mtoto ingekuwa na utamu gani kama ingelikuwa ya kijana wa Kinyamwezi ambaye hajawahi kuona bahari, na ambaye akirudi kwao bila kuiona hahesabiwi mwanamume! Lakini hadithi hiyo haihitaji mtambo wala mtalii. Inahitaji mwandishi aliyesoma.

Haimaanishi kwamba utumwa haukuwapo. Hapa ndipo wapenzi wa sifa za pwani nao hupaswa kunyamazishwa. Watumwa walikuwapo Bagamoyo, majumbani na mashambani, na wengine walipitishwa humo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na kuweka kijiji cha waliokombolewa, ambao wengi wao walikuwa watoto, na watoto hao walilimishwa sana. Mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza uliofunga soko la Unguja ni wa 1873. Wajerumani, waliojitapa kwamba wamekuja kuukomesha utumwa, hawakuufuta. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitoka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo bibi wa bibi wa mtoto wa leo angeweza kuwa mtumwa, na babu wa babu yake angeweza kuwa bwana, na yumkini wote wawili wamo katika nasaba moja, wamezikwa makaburi mamoja, na hapana mtu nyumbani anayependa kulisema hilo. Wenye watumwa walikuwa Waarabu, na Waswahili, na watemi wa bara. Wenye mitaji ya misafara walikuwamo Wahindi. Mtambo wa wakati hauwezi kuingia ndani ya ukimya huo. Unaishia ufukweni, penye minyororo, mahali ambapo mwovu ni mgeni na mwema ni sisi.

Hebu mtambo ukubaliwe kwa muda, ili ionekane kama wenye shauri lile wamelifikiria sawasawa. Mtoto wa Kerege wa miaka kumi na miwili anatokea njia ya Kaole mwaka 1873, peke yake. Neno la kwanza analosikia ni swali: wewe wa nani? Ana jina la baba, lakini baba huyo hajazaliwa. Ana kata na wilaya, lakini hazipo. Anawaamkia wakubwa zake kwa vile vijineno vya vijiweni, na wanamwona ama mwehu ama mtu asiyelelewa. Hana mwenyeji. Katika Mrima ya siku zile mtu asiye na ndugu wala mwenyeji, tena mtoto, alikuwa chini kuliko maskini: mtu wa namna hiyo aliweza kuchukuliwa na kuuzwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumdai. Hatari ya kweli ya msafiri wa wakati imo humo, ndani ya swali la salamu, na wala haihitaji simba. Lakini katika hadithi za fani hii mtoto hupokewa na rafiki wa rika lake ukurasa wa tatu, rafiki huyo humwamini, na mwendo unaendelea.

Halafu mtoto anaonyeshwa barua. Ni ya Kiswahili, lugha yake mwenyewe, lugha ambayo mwalimu wake humsifu kwayo. Hawezi kuisoma hata neno, kwa sababu imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za Mrima za wakati ule ziliandikwa kwa herufi hizo; tenzi kadhalika, na hati za madeni. Kama amepata kukaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, ataanza kuitambua herufi moja moja, taratibu, kwa sauti, na huenda akagundua kwamba ufunguo wa nyumba hii alikuwa nao jioni zote, na hakuna aliyemwambia kwamba unafungua mlango. Kama hakukaa chuoni, yeye ni mjinga mbele ya kila diwani wa Bagamoyo. Mwandishi atakayeiandika hadithi ambamo mtoto wa leo, mwenye vyeti vyake vyote, ndiye asiyejua kusoma, atakuwa ametenda jambo. Hadithi za kawaida za mtambo hufanya kinyume: mtoto wa leo ndiye mjuzi, anawaeleza wazee habari za vijidudu na umeme, nao wanaduwaa.

Wasomaji wa mashairi wana haki ya kuuliza kwa nini fani ya mtambo inatafutwa ng'ambo, hali fani ya kukutana na wafu ipo kwenye vifua vya watu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, mwaka 1307 wa Hijria, ambao ni 1889 hadi 1890, na J. W. T. Allen akauchapisha miaka ya 1950. Mshairi aliandika mambo ya siku zake mwenyewe. Vita vilianza Pangani mwaka 1888, vikashika pwani nzima. Bagamoyo ilichomwa na kutekwa na kutekwa tena. Wissmann alikuja 1889 na askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Utenzi haumpeleki msikilizaji kule. Unawaleta wale hapa, ukumbini, kwa sauti ya mtu aliye hai, usiku kucha, na msikilizaji hana njia ya kutorokea isipokuwa kutoka nje mbele ya wenzake.

Said Ahmed Mohamed aliifahamu siri hiyo katika Babu Alipofufuka ya 2001: hapo babu ndiye anayefunga safari, naye haji kuonyesha maajabu ya kale, anakuja kumshitaki mjukuu. Hiyo ndiyo njia ya adabu. Mkubwa hufuatwa kwa heshima, au huja mwenyewe akiwa amechoka kungojea.

John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za falsafa ya wakati. Wengi walimpinga, hasa aliposema kwamba Mwafrika hakuwa na wakati ujao wa mbali, na walikuwa na sababu. Lakini alisema jambo moja ambalo mtu wa pwani hulielewa bila kusomeshwa: kwamba marehemu bado yumo ndani ya sasa maadamu yupo mtu amkumbukaye kwa jina, na hutumbukia katika zamani siku anapokufa mkumbukaji wa mwisho. Mtambo unaoruka miaka 150 kwa kifundo kimoja humrusha mtoto juu ya vichwa vya wale wote ambao bado wangeweza kuitwa kwa majina, umfikishe kwa watu asiowajua. Huo ni uvivu uliojivika vazi la ujasiri.

Hapo ndipo linapoingia lile neno maadili. Kwa kuwa somo limefungwa na maadili, kishawishi cha mwandishi atakaye kitabu chake kinunuliwe na shule ni kwenda zamani kuchuma mashujaa tu. Atamkuta Bushiri, na atamfanya shujaa wa uhuru. Bushiri alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Alikuwa pia mwenye shamba la miwa huko Pangani, na miwa ile haikukatwa na watu wa ujira. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuyabeba mambo hayo mawili kwa pamoja. Anabeba magumu kuliko hayo nyumbani. Anayeshindwa kuyabeba ni mtu mzima aliyeketi mezani akihofia kamati. Vivyo hivyo Chuma na Susi, waliouleta mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa ya njia tangu kifo chake Mei 1873: katika vitabu wamekuwa mfano wa uaminifu, na huachwa hapo. Hadithi nzuri ingeuliza walibishana nini usiku ule walipoamua kuubeba, nani alikataa, na nani aliogopa kuja kushitakiwa kwamba wamemuua.

Hoja itakayotolewa dhidi ya haya yote inajulikana: watoto hawatasoma vitu vizito. Wenye hoja hiyo wamsome Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mtu wa hapa hapa, wa Dunda, jirani na Bagamoyo. Akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akafia huko 1927. Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapwa Göttingen mwaka 1903, kimetokana kwa sehemu kubwa na kalamu yake. Kabla ya hapo, mwaka 1901, Velten alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli, ambamo Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua, na ambamo Selim bin Abakari anasimulia jinsi alivyokwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani. Mswahili katika theluji ya Siberia, akiyatazama mambo ya Wazungu kwa jicho lile lile kavu ambalo Wazungu walizoea kuwatazamia Waswahili! Mkasa gani wa kubuni utaupita huo? Na lugha yake ni nyepesi, sentensi fupi, mtoto wa darasa la sita hasumbuki nayo ila kwa maneno machache yanayotaka maelezo pembeni.

Wachapishaji wa Dar es Salaam na Unguja waanzie hapo. Safari ya Mtoro ya Udoe, katika kitabu chembamba, chenye ramani na picha, bila mtambo na bila mtoto wa leo wa kutufafanulia. Kisha, kwa ajili ya Kerege yenyewe, kitabu kingine kisichokwenda mbali hata miaka sabini. Kerege ni miongoni mwa mahali ambapo serikali changa ya Tanganyika ilijaribu makazi mapya ya vijiji mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakaja watu, wakafyeka, wakapanda mikorosho. Waliokuwa watoto siku zile wamepita sabini sasa. Mikorosho mingine ingali imesimama ndani ya viwanja vilivyouzwa, inangoja mwenye ramani mpya aje na shoka, na mtoto apitaye chini yake kila asubuhi kwenda shule hajui ilipandwa na nani.